Makosa Yanayohama

"Mtu akikwambia mwizi kaingia ndani ya kompyuta, muulize kwanza alivulia wapi viatu."

Ndivyo alivyosema Inspekta Fantaye Lemma alipokanyaga kizingiti cha banda la wafumaji kule Shiro Meda, na banda zima likacheka, isipokuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mzee Woldeyes, aliyeitwa Gashe kwa heshima, mwenyekiti wa ushirika, aliyesimama wima kama nguzo ya kanisa. Wa pili alikuwa Asnakech Shanko, mtunza kompyuta, ambaye ndiye aliyekuwa akiitwa mwizi.

"Karibu, Inspekta," alisema Gashe Woldeyes. "Kazi yenyewe ndogo. Mwizi tunaye, ushahidi tunao. Umebaki wewe kutia sahihi."

"Basi mngeniletea kalamu nyumbani, Gashe, mkaniokoa na huu mlima."

Wafumaji walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mashimo yao, miguu chini kwenye kanyagio, mitande imenyooshwa mbele yao kama nyuzi za kinubi. Hakuna aliyefuma. Pembeni, Etete Bizunesh, mama mzee msokota pamba ambaye ulimi wake ulizunguka kuliko pia yake, alikuwa akipepea makaa ya kahawa.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Ushirika ule ulikuwa umekusanya nakshi za mapindo za wazee wa Kidorze, kabila la wafumaji, walioshuka kutoka milima ya Chencha, moja moja, kwa jina lake na jina la aliyeibuni. Mabingwa wengi walishazikwa. Nakshi zao zilibaki ndani ya kompyuta tu. Tangu Meskel, sikukuu ya Msalaba, nakshi hizo zikaanza kuharibika. Nyingine hazikufunguka. Nyingine zilifunguka nusu yake na nusu ya jirani, kama mbuzi aliyeota kichwa cha kondoo. Kisha, juma lililopita, vibanda vya chini vikaanza kuuza kitambaa cha kuchapwa kiwandani chenye nakshi ya marehemu Shanko, baba yake Asnakech.

"Nywila anayo yeye peke yake," alisema Gashe Woldeyes. "Ameuza jasho la baba yake, kisha akavuruga mafaili ili tusijue ameuza mangapi. Wazee tumekubaliana. Kahawa ikifika kikombe cha tatu, cha baraka, tutatamka. Anatoka, na shimo la baba yake linapewa mtu mwingine."

Asnakech hakulia. Aliinua kidevu. "Shimo la baba yangu alilichimba mwenyewe, Gashe. Ukimpa mtu, mwambie na mifupa ya mikono yake imo humo."

"Yesu!" alisema Etete Bizunesh. "Na mimi nimeshaweka maji motoni. Ningejua ningechelewesha."

Fantaye alilitazama jiko, akamtazama Asnakech, akavua koti lake. Vikombe vitatu. Alishawahi kupewa muda mfupi zaidi ya huo, na watu wa maana zaidi.

Kompyuta ilikaa nyuma ya kizuizi cha mbao, juu ya meza yake yenyewe, imevikwa gabi, lile shuka zito la pamba la kujifunika wakati wa baridi. Hili halikuwa la kawaida. Lilikuwa na pindo la dhahabu na nyeusi, na lilikuwa limezungushwa vizuri hata ikabaki skrini peke yake nje, kama uso wa bibi harusi.

"Imependeza kuliko mimi," alisema Fantaye. Alikunja pembe moja ya shuka ili aone vitufe, akaketi. "Asnakech, njoo hapa karibu. Hiyo nywila."

Asnakech akaiandika. Hakusita hata herufi moja, na Fantaye akaliweka hilo moyoni.

"Kwanza tunakagua rafu," alieleza kwa sauti, maana alijua masikio yote ya banda yamegeuka. "Diski ni ghala. Kuna daftari la ghala linalosema kila mzigo uko rafu ipi. Ukaguzi unapita kuona kama mzigo upo pale daftari linaposema. Na leo naukataza kurekebisha chochote. Utazame tu, mikono nyuma, kama mgeni kwenye duka la vyombo."

Ukaguzi ulipita. Makosa yakamwagika kwenye skrini: mizigo isiyo na rafu, rafu moja inayodaiwa na mizigo miwili.

"Si nilisema!" alisema Gashe Woldeyes.

"Ulisema mwizi, Gashe. Mimi naona rafu." Akauanzisha ukaguzi upya. Makosa yakamwagika tena. Fantaye aliyasoma, akarudi juu, akayasoma mara ya pili. Akaacha kutabasamu. "Asnakech, umegusa kitu?"

"Mikono yangu hii hapa, mama."

"Na mimi sikugusa. Lakini makosa yamehama. Rafu iliyokuwa mbovu mara ya kwanza sasa ni nzima, na iliyokuwa nzima imekuwa mbovu."

Etete Bizunesh alipitisha kichwa juu ya kizuizi. "Kama mpangaji asiyelipa kodi."

"Hasa, Etete. Ukuta ukivunjwa na mwizi, haukai pale pale umevunjika? Ukiutazama leo tundu liko kushoto, ukageuza shingo tundu likawa kulia, basi usiutie ukuta mashakani. Nenda ukapime macho."

Gashe Woldeyes hakupenda msemo huo. Alitoa mfukoni kipande cha kitambaa cha kiwandani, akakitandika mezani. "Na hiki nacho ni macho yangu?"

Fantaye alikichukua, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Nakshi ya Shanko ilikuwa nzuri hata ilipochapwa vibaya: misalaba ndani ya misalaba, kila mmoja ukimzaa mwenzake. Lakini kila baada ya misalaba kadhaa palikuwa na mstari mwembamba uliopinda, na misalaba upande huu haikukutana sawasawa na ya upande ule.

"Asnakech, kwenye picha mliyoihifadhi, mstari huu upo?"

"Haupo. Picha ilipigwa pindo likiwa bado kwenye kitanda cha kufumia, halijakatwa."

"Gashe, wewe umefuma maisha yako yote. Huu ni mstari wa nini?"

Mzee alikisogeza kitambaa usoni. Wafumaji waliinuka mashimoni kuja kutazama, na mmoja wao akakohoa kwa makusudi.

"Ni mshono," alisema Gashe Woldeyes, shingo upande. "Mshono wa shingo ya gauni."

"Yaani aliyeiba aliona gauni lenye nakshi hii, akalipiga picha pamoja na mshono wake, akaenda kuichapa. Hakuhitaji nywila ya mtu. Alihitaji kwenda harusini tu."

"Gauni hilo nalijua!" alidakia Etete Bizunesh. "Ndilo lililoshonwa na fundi mlevi."

Banda likacheka, na safari hii hata Asnakech alicheka. Lakini Gashe Woldeyes hakuwa mtu wa kuangushwa kwa mshono mmoja. "Sawa. Hakuuza. Lakini nakshi zetu zimeharibika, na anayezishika ni yeye. Kama si wizi ni uzembe, na uzembe wa vitu vya marehemu ni dhambi ileile."

Kikombe cha kwanza kikagawiwa. Fantaye alikunywa chake akiwa amesimama, akauliza jambo moja. "Vimeharibika nini vingine, mbali na nakshi?"

"Kumbukumbu za mikutano," alisema Asnakech. "Na picha za ubatizo wa mjukuu wa Etete."

"Mtoto ametokea na kichwa cha padri," alithibitisha Etete Bizunesh kwa huzuni.

"Mwizi gani anaharibu ubatizo?" aliuliza Fantaye, kisha akaizima mashine. "Sasa tumkamate mshukiwa wa kwanza. Diski."

Aliichomoa, akaipeleka uani palipokuwa na jua, akaiunga na kompyuta yake mwenyewe aliyoibeba begani. Kabla ya lolote alinakili diski yote, kila rafu, nzima na mbovu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliijivunia kuliko cheo: maiti haipasuliwi kabla ya kupigwa picha. Wakati nakala ikijiandika, watu wakala injera na shiro, mkate mwembamba na mchuzi wa dengu usio na nyama, maana ilikuwa Jumatano ya mfungo. Gashe Woldeyes, hata akiwa amekasirika, alimlisha Inspekta tonge la kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Nakala ilipokamilika akaanza ukaguzi wa diski yenyewe, mikono nyuma vilevile. Makosa yalikuwepo. Akarudia. Yalikuwepo, yaleyale, mahali palepale. Akarudia tena, na hata moja halikuinua mguu.

"Hapa hayahami," alisema Asnakech polepole. Alikuwa amechuchumaa kando yake, macho hayabanduki kwenye skrini. "Diski inasema kitu kimoja kila ikiulizwa."

"Na shahidi anayesema kitu kimoja kila akiulizwa?"

"Hasemi uongo."

"Diski imeumizwa, ndiyo. Kuna mizigo iliandikwa rafu siyo. Lakini yenyewe ni nzima. Aliyeiumiza yuko njiani, kati ya diski na akili ya mashine." Fantaye akainuka, magoti yakalia. "Mshukiwa wa pili ni kebo."

Waliporudi ndani walikuta kompyuta imevikwa tena gabi lake lote, hata ile pembe iliyokunjwa imenyooshwa.

"Nimeifunika," alisema Etete Bizunesh. "Vumbi la pamba, mwanangu. Hapa ukipiga chafya unatoa uzi."

Fantaye akairudisha diski, akabadilisha kebo na kuweka yake, akawasha. Ukaguzi wa kwanza, makosa yakawa yaleyale ya uani. Wafumaji wakashangilia. Gashe Woldeyes akaanza kugeuka aende zake. Fantaye akainua kidole. "Kahawa ya pili kwanza."

Walikunywa kahawa ya pili. Ubani ukafukizwa. Etete Bizunesh akasimulia habari za fundi mlevi tangu kuzaliwa kwake. Ndipo Fantaye alipouanzisha ukaguzi tena, na makosa yakafunga virago yakahama.

"Kebo imeachiwa huru," alisema. "Mashine ikiwa imetoka kuwashwa inasema kweli. Ikikaa kidogo inaanza kuweweseka. Nani huweweseka?"

"Mwenye homa," alisema Asnakech.

Fantaye akapenyeza mkono chini ya gabi, akautoa haraka kama aliyegusa kikaango. Alizima mashine, akalikunja gabi kwa heshima akaliweka kitini, akafungua ubavu wa sanduku. Ndani palikuwa na kadi moja ndogo, ile ambayo diski hupitishia maneno yake yote, na juu ya kadi palikuwa na feni isiyozidi kifuniko cha chupa ya soda. Feni ilikuwa haizunguki. Akaishika kwa kibano, akavuta, na kilichotoka kilikuwa kirefu.

"Njooni," alisema. "Wote."

Wakaja. Alikiinua juu kwenye mwanga.

"Banda hili lina vumbi jeupe. Limo kwenye nywele zenu na limo kwenye shiro niliyokula. Lakini hiki kilichoifunga feni si cheupe. Ni uzi wa dhahabu. Nani hapa anafuma kwa uzi wa dhahabu?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja, kama mashamba ya alizeti.

Gashe Woldeyes alijinyoosha. "Mimi," alisema. "Banda zima, mimi peke yangu. Sasa unanishtaki? Mimi sijui hata inapowashwa!"

"Sikushtaki, Gashe. Nauliza uzi wako umefikaje kwenye feni."

Asnakech ndiye aliyejibu, na alijibu akitazama sakafu. "Siku ya Meskel, baada ya moto wa Demera, Gashe aliivika mashine hilo gabi mbele ya ushirika wote. Alisema iliyobeba kazi za marehemu haiwezi kukaa uchi."

"Na nilisema kweli!" alisema mzee. "Tunavika wafalme, tunavika maaskofu. Tutaiacha hiyo uchi?"

"Na hukuwahi kulivua?" Fantaye alimwuliza Asnakech.

"Mara mbili. Mashine ilikuwa ikiguna. Mara ya kwanza Gashe akaniambia inaguna kama mke mpya, itazoea. Mara ya pili aliacha kunisalimu mwezi mzima." Akainua macho. "Kulivua gabi la mzee ni kumvua mzee mwenyewe. Ningefanyaje?"

Hakuna mfumaji aliyeuliza maana ya hilo. Wote walimjua Gashe Woldeyes, na kila mmoja angefanya vilevile.

"Maneno," alisema mzee, lakini sauti yake ilishapungua kimo. "Gabi haliui mtu. Thibitisha."

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja uniambie."

Fantaye alifanya kazi kwa utulivu, na tuseme ukweli, kwa maringo kidogo, maana palikuwa na watazamaji. Kwanza aliing'oa ile kadi, akaiunga diski moja kwa moja kwenye ubao wa mashine, gabi likiwa kitini. Akakagua, akangoja, akakagua tena. Makosa yalikaa. Kisha akairudisha kadi, feni imesafishwa, ubavu wazi. Akangoja, akakagua. Yalikaa, lakini mara moja kosa moja lilijikuna kama linalotaka kuondoka. "Kadi imeshaungua kidogo," alisema. "Haitapona kabisa. Ila sasa, Gashe, kwa mkono wako mwenyewe, ivike."

Mzee alilichukua gabi. Alilizungusha kama alivyolizungusha siku ya Meskel, pindo la dhahabu likianguka mbele vizuri, hata katika hali ile hakuweza kuliacha likae kombo. Wakangoja. Etete Bizunesh alisahau kupepea makaa. Skrini ikasema: makosa, mapya, mahali papya. Na wakati wote wakitazama, mashine ikaguna.

Gashe Woldeyes aliisikia. Aliondoa mkono mezani.

"Tangu Meskel," alisema.

"Tangu Meskel," alisema Fantaye. "Kila alichoandika Asnakech kwa mkono safi, kadi yenye homa ilikipeleka rafu ya jirani. Wala si wewe uliyeharibu kwa nia mbaya. Umepika kwa upendo. Lakini umepika."

Kilichobaki kilikuwa kurekebisha, na hicho alikifanya kwenye nakala, ndani ya kompyuta yake mwenyewe, mahali penye baridi. Safari hii aliuruhusu ukaguzi utumie mikono. Ukapanga rafu, ukarudisha mizigo kwa wenyewe. Ile iliyokosa mwenyewe ukaitupa katika kapu moja, kapu la waliookotwa, bila jina ila namba.

"Mafaili haya ni mazima," Fantaye aliwaambia, "lakini daftari limesahau majina yake. Mashine haiwezi kuyajua tena. Hapo kazi yangu imekwisha."

Akalifungua la kwanza. Pindo la kijani na njano likajaa skrini.

"Dalga!" walipaza sauti wafumaji watatu kwa pamoja. "Hiyo ya mzee Dalga, aliyefumia kanisa!"

Asnakech akaliandika jina. La pili likafunguka, na mabishano yakazuka kama ni la Wombo au la mdogo wake Wombo, hadi mtu akaonyesha jinsi mistari inavyogeukia kushoto, na mdogo wake Wombo ndiye aliyekuwa na mkono wa kushoto. Likaandikwa. Moja baada ya jingine marehemu waliitwa, na kila jina lilipigiwa makofi, na banda lile la mbao lilisimama kwa fahari kama lina mnara. Hata Fantaye, aliyekuwa na haki ya kwenda nyumbani, alibaki.

Kisha likafunguka moja. Misalaba ndani ya misalaba, kila mmoja ukimzaa mwenzake, bila mshono.

Kila mtu alilijua. Hakuna aliyelitaja. Asnakech aliweka vidole juu ya vitufe, akangoja. Jina lile hakulitamka yeye. Si la kutamkwa na binti aliyeitwa mwizi asubuhi.

Etete Bizunesh alikuwa ameshamimina kikombe cha baraka. Alikishika mkononi bila kumpa mtu. "Kinapoa," alisema, akimtazama mwenyekiti. "Si mlikuwa mnatamka kitu?"

Gashe Woldeyes alikwenda hadi mezani. Alilivua gabi kutoka kwenye mashine, polepole, akaling'uta, akalitazama pindo lake la dhahabu kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyepigana shuleni. Akageuka kwa banda zima.

"Hiyo," alisema kwa sauti ya kusomea kanisani, "ni nakshi ya Shanko. Kazi bora kuliko zangu zote, na nilikuwa sijawahi kusema. Shimo lake lina mwenyewe." Akamtazama binti. "Simama, mwanangu."

Asnakech akasimama. Mzee akamvika gabi mabegani, akalizungusha, akalirekebisha pindo hadi likakaa sawa mbele.

"Na mashine?" aliuliza mfumaji mmoja.

"Iacheni uchi," alisema Gashe Woldeyes. "Mwenye aibu hapa si mashine."

Asnakech aliinama akaandika jina la baba yake, herufi kwa herufi, akalihifadhi. Ndipo akapokea kikombe cha baraka, cha kwanza kabla ya wazee, na akalivuta gabi karibu na shingo.

"Gashe," alisema, "usinifunike sana. Nikianza kuguna, univue haraka."